Siku Baba Aliyoahidi Kunyamaza

Baba yangu, Mwalimu Wepukhulu, alifundisha shule ya misheni pale Bokoli, na kama angekuwa anafundisha tu kisha anarudi nyumbani kupumzika kama walimu wengine, tungeishi kwa raha. Lakini alikuwa na wadudu. Alikuwa na litungu lake la nyuzi saba, ambalo alilipiga hata mama akiwa katikati ya sala. Tena alikuwa na siasa, na hiyo ndiyo iliyonichosha kuliko yote, kwa sababu mdudu angalau unaweza kumfungia kwenye chupa.

Ukitafuta kibiriti uwashe moto, unafungua unakuta mende wamepangwa kwa ukubwa. Chini ya kitanda changu kulikuwa na fuvu la fisi, na nilikatazwa kuligusa kwa sababu, ati, lilikuwa bado linakauka. Mpita njia akisimama kuuliza barabara ya Bungoma, Baba anamwonyesha barabara, kisha anamwonyesha ndege aliye juu ya mti, kisha anamweleza kwa nini mahindi ya Mwafrika hununuliwa kwa bei ya chini kuliko ya mzungu. Jua linazama, mpita njia bado yuko kwetu, mama anaongeza maji kwenye mboga huku ameuma meno.

Haya yote ningeyavumilia kama yasingeingilia maisha yangu. Lakini yaliingilia. Watu wa Myanga walikuja kuniposa, watu wazuri, wamevaa viatu. Baba akawakaribisha vizuri, akaingia ndani, akatoka na kinyonga mkononi. Alitaka kuwaonyesha jinsi kila jicho linavyokwenda upande wake. Hakuna mtu mwenye akili anayeingiza kinyonga katika nyumba ya posa. Shangazi wa kijana akapiga kelele, akaruka juu ya kiti. Walipokaa tena, Baba akamwuliza baba wa kijana, ambaye alikuwa mkubwa wa kijiji, ni nani aliyempa ruhusa ya kuwalazimisha watu kulima barabara bila malipo. Watu wa Myanga wakaondoka kabla ya chai, na hatukuwaona tena.

Nililia, halafu nikaacha kulia, nikabaki na hasira. Wasichana wa rika langu walikuwa tayari wanabeba watoto mgongoni.

Mwaka wa 1949 nikampata Festus. Alikuwa karani wa posta mjini Kitale, mtu mpole, na nilimpenda kweli kweli, sitazunguka. Baba yake, mzee Khaemba, alikuwa mnyapara katika shamba la mzungu upande wa Saboti. Walipotuma habari kwamba wanakuja Jumamosi kwa mazungumzo ya ng'ombe, mimi na mama tulimkalisha Baba chini.

"Baba Nasimiyu," mama alimwambia, "sijawahi kukuomba kitu kikubwa. Hiyo siku nyamaza. Wekoye ndiye ataongea." Wekoye alikuwa kaka mkubwa wa Baba. "Wewe kaa tu kama mzee wa kanisa. Hakuna mdudu, hakuna litungu, hakuna mambo ya serikali."

"Sawa," Baba alisema. "Nitanyamaza."

Alikubali haraka mpaka tukatazamana. Sisi tulikuwa tumejiandaa kwa ugomvi wa wiki nzima.

Jumamosi hiyo mvua ilinyesha asubuhi, kisha jua likatoka kali. Nilipoona hivyo niliingiwa na wasiwasi. Ilikuwa Aprili, na hiyo ndiyo hali ya hewa ya kumbikumbi. Tulikuwa na kichuguu kikubwa nyuma ya jiko, na kila Aprili, tangu nikiwa mtoto, mimi na Baba ndio tuliokuwa tukiwatoa. Unafunika kichuguu kwa blanketi, unaacha mlango mmoja wenye mwanga na kishimo mbele yake, halafu unagonga vijiti juu ya ubao ili wale wa ndani wadhani mvua imeanza. Kwa watu wengine hiyo ni kazi ya watoto. Kwa Baba ilikuwa elimu. Alisema kumbikumbi wanasikia kwa miguu, kwamba ukipiga kwa nguvu wanajificha, na kwamba pigo linalowatoa vizuri ni lile la wimbo wa litungu, jepesi na la sawasawa. Alinifundisha pigo hilo kabla sijajua kuhesabu.

Wageni walifika mchana, Festus akiwa nao, wamechoka na safari ya lori. Baba alikuwa anaimba chumbani akifunga tai. Alipowaona akafunga mdomo, akawapa mkono, akakaa.

Mimi, mama na senge Nekoye, dada yake Baba, tulikuwa jikoni, maana si desturi wanawake wa nyumba kukaa mbele ya wakwe. Lakini dirisha la sebule lilikuwa wazi, na tulisikia kila kitu.

"Mwalimu," mzee Khaemba alianza kwa heshima, "naona mvua huku kwenu imekuja vizuri."

Baba akaitikia kwa kichwa. Siku nyingine, neno hilo lingejibiwa mpaka chakula cha jioni.

"Njiani tumeona ndege mkubwa sana, mweusi, shingo nyekundu, anatembea kwa shamba kama mtu. Hiyo ni ndege gani, mwalimu?"

Nilisimamisha mwiko. Senge Nekoye akafumba macho.

"Mm," Baba alisema.

Mama akanishika mkono kwa furaha. Tuliona tumeshinda.

Basi wakaingia kwenye ng'ombe, na mambo yakaharibika. Ng'ombe waliotajwa walikuwa wachache, wachache sana, na baba mkubwa Wekoye hakuwa mtu wa kuficha sura. "Ati hizi ndizo ng'ombe?" aliuliza. "Huyu msichana amesoma, bana. Au mnafikiri tumemwokota?"

"Zingine zitakuja," alisema mzee Khaemba.

"Lini?"

Kisha tukasikia kiti kinasogezwa.

"Mwalimu," alisema mzee Khaemba, "wewe ndiye baba ya msichana. Hebu sema wewe."

Baba akanyamaza.

"Nimekuuliza, mwalimu."

Jikoni mama alikuwa ameanza kupiga paja lake kwa ngumi, taratibu.

"Sisi tulisikia Bokoli kuna mwalimu akianza kuongea, kuku wanarudi kulala," mzee alisema, na sauti yake sasa ilikuwa imebadilika. "Leo hata kutujibu mambo ya ndege amekataa. Si mtuambie tu hamtaki, twende zetu?"

"Hapana, mzee, hapana," baba mkubwa alisema kwa haraka. "Huyu ni mgonjwa. Koo yake imefunga."

"Imefunga? Si tumemkuta akiimba?"

Nikasikia viti vyote vinasogezwa. Wageni walikuwa wanasimama.

"Hii miaka yote nimemwomba anyamaze," mama alisema, machozi yakimtoka, "amengoja siku ya kuongea ndiyo anyamaze!"

Sikuweza kuingia sebuleni. Mama hakuweza. Senge Nekoye, ambaye huweza chochote, alikuwa ameketi juu ya gunia la mahindi anasema Yesu wangu, Yesu wangu. Nilimkasirikia Baba. Nilikasirika kwamba aliongea kwa watu wa Myanga na akanyamaza kwa watu wa Kitale, kana kwamba alikaa chini akapanga jinsi ya kunizeesha nyumbani kwake.

Nikatoka. Nikaenda nyuma ya jiko, nikatupa blanketi juu ya kichuguu, nikashika vijiti, nikapiga ubao vibaya. Nilipiga kama mtu anayefukuza mbuzi kwenye mahindi. Nilipiga bila mpango, kwa nguvu zangu zote, pigo ambalo mtoto wa miaka mitatu katika nyumba yetu angelionea aibu.

Sikungoja sana. "Nasimiyu!" Sauti ilitoka sebuleni, na nyuma yake Baba mwenyewe, akiwapita wageni mlangoni, tai begani. "Nasimiyu! Hiyo ni mvua gani? Hiyo ni mawe! Unawaua na hofu!" Akaninyang'anya vijiti, akapiga magoti kwenye tope na suruali yake ya Jumapili, akaanza kupiga inavyotakiwa.

Wageni walikuwa wamefika upande huu, kofia mkononi. Wakasimama. Nani anaondoka kumbikumbi wakiitwa?

"Wanasikia kwa miguu," Baba alimwambia mzee Khaemba bila kugeuka. "Na yule ndege wako ni mumbi. Anatembea kwa sababu chakula chake kiko chini. Funika hapo, mwanga unaingia."

Mzee Khaemba akavua kabuti lake, akafunika. Wa kwanza akatoka, mabawa yake bado yamelala, kisha wakamiminika kishimoni. Mzee akachuchumaa. "Sisi Saboti tunapiga haraka kuliko hivi," alisema. Baba akamwambia amekosea. Mzee akachukua vijiti ili aonyeshe, na kumbikumbi wakapungua, na Baba akafurahi sana. Muda si muda walikuwa wanaimba, wazee wawili juu ya tope moja, Festus akiniangalia kwa mbali kama mtu asiyejua acheke au akimbie.

"Kwani huko bado mnapata kumbikumbi?" Baba aliuliza.

"Vichuguu vimevunjwa na trekta. Kila mahali ni mahindi ya mzungu."

"Na ng'ombe?"

Mzee Khaemba akatazama chini.

Hapo Baba akasimama, na mimi nikamjua. Siasa ilikuwa imefika. "Wekoye," alisema, "unamdai mtu ng'ombe ambazo amekatazwa kufuga! Wewe husomi magazeti ninayokuletea? Huko Kitale mfanyakazi wa shamba anaambiwa mifugo yake ipungue au ahame. Mtu amechunga ng'ombe za mzungu maisha yake yote, na zake zinahesabiwa kama takataka. Halafu wewe unamwuliza lini? Muulize gavana!"

Alisema mengi zaidi, kwa sauti ambayo chifu angeweza kuisikia akiwa kwake. Mama akafunika uso. Lakini mzee Khaemba alimshika Baba mkono. "Ndio hivyo, mwalimu," alisema. "Nilikuwa naona haya kusema kwa nyumba ya wakwe."

Baba mkubwa Wekoye akakohoa. Akasema ng'ombe waliopo watatosha kuanza, na wengine watakuja wakati watakapokuja. Wakapeana mikono, mikono yote imejaa mabawa. Kisha Baba akaongea mpaka kuku wakarudi kulala kweli, na chakula kikapoa, na mama akakipasha moto huku ananung'unika.

Walipoondoka, giza lilikuwa linaingia. Baba alikuwa bado ameketi kando ya kichuguu, akipepeta mabawa kwenye ungo. Nikakaa karibu naye.

"Ulipiga vibaya kusudi," alisema.

"Ndiyo, Baba."

"Nilijua tangu pigo la kwanza. Wewe hujawahi kukosea."

"Sasa kama ulijua, mbona ulitoka ukipiga kelele vile?"

Akapuliza mabawa, hakunitazama. "Mama yako anafikiri kunyamaza ilikuwa kazi ngumu. Haikuwa ngumu. Yule mzee alinielewa vizuri. Nilitaka waende."

Kule jikoni tulikuwa tumeshikana mikono kwa furaha, tukidhani anatutii.

"Kitale ni mbali," alisema. "Halafu nikasikia vile unapiga. Nikasema, huyu mtoto anataka kwenda kweli. Basi nikatoka."

Nilimkasirikia tena, na nilimpenda, na yote mawili yaliniuma mahali pamoja. Vijiti vilikuwa pale kwenye ubao. Nikavichukua, nikapiga pigo la litungu, jepesi, la sawasawa, kama alivyonifundisha.

"Wameisha," Baba alisema. "Hawatoki tena leo."

"Najua."

Nikaendelea kupiga. Akasikiliza kidogo, kichwa amekiinamisha upande mmoja.

"Polepole kidogo," akasema, na wala sikuwa nimekosea.