Skrini ya Tatu Iko Ihanja

Saa mbili na nusu asubuhi ya Jumanne, Jesca Alute aliwasha kompyuta ya Kituo cha Kumbukumbu za Mashamba, akafuta vumbi kwenye skrini zote mbili, kisha akaficha chupa yake ya chai chini ya meza, mahali ambapo wananchi hawaioni. Skrini ya kwanza ilimtazama yeye. Ya pili ilikaa juu ya kaunta, imegeuziwa wananchi, na kazi yake ilikuwa moja tu: kuonyesha picha ya alizeti iliyochanua na maneno “Karibu, Tunakuhudumia kwa Uwazi.” Mradi ulioleta skrini hizo ulikwishaondoka na magari yake miaka mitatu iliyopita. Uwazi ulibaki kwa sababu ulikuwa umefungwa kwa nati.

Mtu wa kwanza siku hiyo alikuwa mama Agripina wa Ihanja, na hiyo ilikuwa mara yake ya sita.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Nimerudi.”

“Karibu tena.”

Shida yake Jesca aliijua kama anavyoijua njia ya kwenda kisimani. Mumewe, mzee Melkizedeki, alifariki mwezi wa tano na kuacha shamba la ekari saba, ndilo lililolisha nyumba ile tangu walipooana. Baadaye bwana mmoja anayeitwa Antipasi akaja akazungushia shamba lile miiba, akasema ni lake, karatasi anazo. Mvua zilikuwa zinakaribia. Agripina alitaka kitu kimoja tu, faili la shamba, alipeleke baraza la ardhi kabla jembe la mtu mwingine halijaingia.

Sasa, Antipasi alikuwa shemeji wa Bwana Godfrey, mkuu wa Kituo, na Bwana Godfrey alishatoa maelekezo: huyo mama akija, aambiwe faili halionekani. Lakini Jesca alikuwa mtu wa utaratibu. Hakuwahi hata siku moja kumwambia mwananchi kwamba faili halionekani kabla ya kulifungua kwanza na kuhakikisha kuwa lipo. Akaandika namba, akabonyeza, akasubiri dirisha la faili lifunguke mbele yake. Halikufunguka mbele yake.

“Faili halionekani, mama,” alisema.

“Si hili hapa?” Agripina alisema, akionyesha skrini ya kaunta.

Dirisha lilikuwa limefunguka kule, limeifunika alizeti yote. Agripina akasoma kwa sauti, taratibu, kwa sababu alikuwa amesubiri mara sita. Shamba namba 212. Ekari saba. Aliyetoa, Melkizedeki Mughenyi, kwa alama ya dole gumba. Aliyepokea, Antipasi. Tarehe kumi na nne Agosti.

“Mume wangu nilimzika Mei,” alisema.

“Pole sana, mama.”

“Agosti alikuja hapa kutia dole?”

Jesca alifikiri. Marehemu wa sehemu zile huwa wanapita kwa shughuli ndogondogo, lakini ofisini hawaji, wanaogopa foleni.

“Mimi sikumwona,” alisema, na hilo lilikuwa kweli. Alichokiona siku ile ya Agosti ni Bwana Godfrey akifuta wino wa bluu kwenye dole gumba lake kwa kutumia kalenda, kisha akamwambia yeye achape.

“Nyumbani amekuja mara mbili tangu tumzike,” Agripina alisema. “Mara zote aliulizia jembe lake. Hakusema kama ameuza shamba.”

Mzee aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni akasogea, akasoma na yeye. “Mbona linaonekana vizuri tu,” akasema.

“Linaonekana kwenye skrini,” Jesca alijibu. “Kwenye mfumo halionekani.”

Wote wawili walilipokea jibu hilo, kwa kuwa walishapewa mengine mabaya zaidi. Agripina akafunga fundo la kanga yake na kwenda zake, na Jesca akabaki na aibu, aibu ya kweli, ya kuwasha masikio. Lakini mkataba wake ulikuwa unatiwa saini upya kila Juni, na aliyekuwa anatia saini ni Bwana Godfrey.

Kesho yake akaitwa fundi kutoka Singida mjini. Moez alikuwa na duka la kompyuta karibu na soko, alirithi kwa baba yake ambaye aliuza redio, na katika mkoa mzima ndiye aliyekuwa na subira na Linux, mfumo ulioendesha kompyuta ya Kituo. Alikaa kwenye kiti cha Jesca, akaomba maji, akaeleza.

“Bosi, mfumo huu una tabia zake. Dirisha jipya linafunguka pale mshale ulipo. Au linafunguka kwenye skrini kuu. Au linakumbuka lilipofungwa mara ya mwisho na kurudi palepale. Ni hayo matatu tu.”

“Mimi nataka lifunguke ndani,” Bwana Godfrey alisema. “Mambo ya ofisi yafunguke ofisini.”

Moez akaiweka skrini ya ndani kuwa kuu. Akafuta kumbukumbu zote za mahali madirisha yalipowahi kukaa. Akauleta mshale kwenye skrini ya ndani na kumwambia Jesca asiuguse. Wakajaribu faili la shamba la Kinyangiri, likafunguka ndani. Wakajaribu la Ikungi, ndani. Wakajaribu namba 212, likafunguka nje, mbele ya kina mama wawili waliokuja kuulizia mipaka yao, nao wakalisoma hadi mwisho kwa adabu.

“Basi tuandike sheria,” Moez alisema.

Akaandika sheria. Dirisha lolote ambalo kichwa chake kinaanza na neno Shamba, lifunguke skrini ya kwanza, lisihame, lisiulize. Alifanya kazi hiyo nusu saa, kisha akaisoma mara mbili kwa kidole. Wakafungua 212. Likafunguka nje.

Bwana Godfrey alimtazama fundi. Fundi aliitazama sheria.

“Imeandikwa sawasawa,” alisema. “Dirisha limeisoma. Limekataa tu.”

“Linaweza kukataa?”

“Kuna mengine yanakataa. Programu za zamani hasa.” Moez akanywa maji yake. “Mimi naona linamfuata mwenye shauri, bosi. Walioitengeneza programu hawakuandika hivyo, lakini ndivyo linavyofanya. Ukitaka litulie, njia ya mkato ni kulimaliza hilo shauri.”

“Bwana Moez, nimekuita kwa ajili ya skrini.”

“Haya. Basi tuchomoe waya.”

Wakachomoa waya wa skrini ya kaunta. Alizeti ikazimika, uwazi ukawa mweusi. Moez akafungua mipangilio ili kuhakikisha. Kwa kawaida kule kila skrini inachorwa kama kiboksi chenye jina lake. Kilitakiwa kuwepo kiboksi kimoja. Kulikuwa na viwili. Cha pili kilikuwa kimesogezwa mbali sana, ukitaka kukiona inabidi uburute muda mrefu, na jina lake lilikuwa IHANJA-1.

“Hii ni ya kampuni gani?” Bwana Godfrey aliuliza.

“Haijaandikwa. Ila ni kubwa. Futi tisa kwa saba.” Moez akaizima. Ikajiwasha. Akaizima tena, akatia nywila. Ikajiwasha. Akaandika risiti yake, akaaga kila mtu kwa jina, akawahi gari la mjini.

Jesca alifungua 212 na ndani hakukutokea kitu. Bwana Godfrey akaridhika. Akasema sasa hata ukweli wenyewe umekaa vizuri, faili halionekani kweli.

Siku ya Ijumaa Jesca alikwenda Ihanja, akajiambia anakwenda kununua kuku. Akaikuta skrini ya tatu. Ilikuwa ukuta wa sebule ya mama Agripina, ule wa tofali za kuchoma ambao haujapigwa plasta, na dirisha lilikuwa limeujaza kuanzia dari hadi sakafu, pamoja na alama ya kulifungia juu pembeni. Kwenye mwanga wake Agripina alikuwa anachambua mbegu za alizeti. Jirani mmoja alikuwa ameketi kwenye kigoda anasoma vipimo vya mpaka wa kaskazini.

“Lilikuja Jumatano saa tano,” Agripina alisema. “Karibu ukae.”

“Linakusumbua?”

“Linapasha joto kidogo. Kuku wanalipenda.” Akapepeta mbegu. “Hizi ni za kupanda. Nimezitenga za ekari saba.”

Jesca aliitazama tarehe ya Agosti, imekuwa kubwa kuliko kichwa chake. Chini yake kulikuwa na jina la aliyechapa: J. Alute. Machozi yakamlenga. Agripina alimwona, akamletea uji.

“Najua ni wewe uliyechapa,” alisema. “Nilisoma siku ya kwanza. Kunywa.”

Jumatatu Agripina alikwenda baraza la ardhi na mjumbe wa nyumba kumi kama shahidi. Wazee wa baraza walimsikiliza vizuri. Wawili kati yao walishapita kwake kuuona ukuta, nao hawakuwa na shaka. Ila mwenyekiti alisema ukuta haupokelewi kama kielelezo, kwa kuwa hauwezi kuingia kwenye jalada. Alete nakala yenye muhuri. Nakala inatolewa na Kituo. Kituo kinatoa nakala ya faili linaloonekana. Agripina akaja tena kaunta, mara ya saba, na Jesca akafungua 212 mbele yake, na kwa mara ya kwanza alimwambia kweli tupu.

“Halionekani, mama. Lipo kwako.”

“Basi njoo na muhuri, uugonge kule.”

Jesca alitazama droo. Muhuri ulikuwa humo ndani, mpini wake wa mbao umepauka kwa kushikwa. Mlango wa Bwana Godfrey ulikuwa wazi na yeye alikuwa anatafuna karanga. Jesca akaifunga droo.

“Muhuri hautoki nje ya ofisi,” alisema.

“Sawa, mwanangu.”

Hakumgombeza. Angemgombeza ingekuwa nafuu.

Wiki iliyofuata ikaja barua yenye kumbukumbu namba, Jesca mwenyewe ndiye aliyeichapa. Ilisema kwamba ukuta wa magharibi wa sebule ya Bibi Agripina umetambuliwa kuwa sehemu ya mfumo wa Kituo. Asiupige plasta, asiutundikie kitu, asipikie karibu yake. Mwananchi yeyote mwenye shida na faili namba 212 aruhusiwe kuingia, saa za kazi tu. Agripina aliisoma, akaomba aelezwe saa za kazi ni zipi, akaelezwa.

Mvua ya kwanza ilinyesha Alhamisi. Ijumaa asubuhi Antipasi alifika Kituoni, trekta la kukodi likiunguruma barabarani. Alitaka vipimo vya mpaka, mahali jiwe la kona ya kusini lilipo, asije akalima shamba la mtu. Jesca alimwambia ofisini hapo faili halionekani. Ikabidi ampeleke Ihanja.

Antipasi alivua viatu mlangoni.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Ni shida ya faili?”

“Ndiyo, mama. Vipimo tu.”

“Karibu. Saa za kazi zimeanza.”

Agripina akasogeza gunia la mbegu lililoziba sehemu ya chini ya ukuta, ili mistari ya mwisho ionekane. Antipasi alikunja macho. Kutoka juani kuingia mle ndani alikuwa haoni vizuri, na mwanga wa dirisha ulimwumiza. Akamwomba Jesca asome. Jesca akatoa kalamu na karatasi, akajifanya yeye ni wa kuandika. Basi Agripina mwenyewe akasimama kando ya ukuta, akamsomea. Kutoka jiwe la kaskazini hatua mia mbili na kumi kufuata korongo, kisha mashariki hadi mti uliokatwa, kisha kusini. Alisoma pole pole, akisubiri Jesca aandike, na pale Jesca aliposhindwa kumfuata alirudia.

“Na mwenye shamba imeandikwaje?” Antipasi aliuliza. “Dereva wa trekta anataka iandikwe kwenye stakabadhi kama ilivyo kwenye faili.”

Agripina akaweka kidole kwenye ukuta, chini ya mstari wa aliyepokea, akamsomea Antipasi jina lake lote, herufi kwa herufi, bila kukosea hata moja.