Siku Thelathini na Tatu

Daftari la Kaswera lilikuwa safi ukurasa kwa ukurasa, isipokuwa pale alipochora mstari mweusi kwa rula. Kila mstari ulifunika siku tatu, na juu yake palikuwa na jina moja la mtu, basi. Nilihesabu mistari hiyo nikiwa nimekaa kwenye benchi la wagonjwa, nikapata kumi na mmoja. Siku thelathini na tatu katika mwaka mmoja kituo kilikuwa kimefungwa! Nikajisemea moyoni kwamba mama huyu anakiendesha kituo anavyojisikia, kama mwenye genge la nyanya. Nayasema haya mapema kwa sababu sitaki kujionyesha mwema kuliko nilivyokuwa siku ile.

Kazi yangu ni kupima. Shirika letu lina ofisi Himbi, mtaa wa mjini karibu na ziwa, na lina vituo ishirini na sita vya afya ya jamii vijijini. Kituo chenyewe, ambacho wanakijiji hukiita poste, ni chumba kimoja cha mbao, sanduku la dawa za watoto za malaria, kuhara na kichomi, na mwanakijiji mmoja aliyefundishwa kuhesabu pumzi za mtoto kwa dakika, kutambua kichomi, na kuzitoa dawa hizo. Mara moja kwa mwaka napanda pikipiki, naipita kambi ya Katindo, naenda kukaa siku nzima na kila mhudumu nikijaza fomu yenye vipengele kumi na viwili. Kituo kinachofikisha alama sitini kwa mia kinaendelea. Kisichofikisha kinafungwa, na sanduku lake linahamishiwa kwingine. Fomu hiyo niliitunga mimi mwenyewe, Modeste Munguakonkwa, alasiri moja tulivu, chai ikiwa mezani, na kwa muda mrefu nilijivunia jinsi isivyompendelea mtu.

Kituo cha Kaswera kiko upande wa juu wa Munigi, ambako nyumba zimejengwa juu ya mawe meusi ya volkano na njia ya miguu inakula viatu. Yeye ni Mnande wa Butembo, mjane wa miaka hamsini hivi, mfupi, mwenye tabia ya kufuta meza hata isipokuwa na vumbi. Dawa zake zililingana na hesabu hadi kidonge cha mwisho. Watoto waliozidiwa alikuwa amewaandikia barua za hospitali siku ileile aliyowaona. Nilikuwa nikimpa alama kwa moyo mkunjufu mpaka nilipofika kipengele cha saba: siku ambazo kituo kilifungwa bila sababu inayokubalika. Nikajumlisha mara mbili. Alama hamsini na nane kwa mia.

"Mama Kaswera, hizi siku ulikuwa wapi?"

"Ku matanga, papa."

"Matanga ya nani?"

"Majina si iko pale?"

Nikamsomea sababu zinazokubalika: ugonjwa wa mhudumu, usalama, mafunzo, na msiba wa familia, yaani mzazi, mume, mtoto au ndugu wa tumbo moja. Nikamuuliza kama hao kumi na mmoja walikuwa ndugu zake.

Alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Papa Modeste, weye ni mutu wa Bukavu. Kwenu banakaaka ku matanga ya ndugu wa tumbo moja tu?"

Kwetu mtu akifiwa, mtaa mzima unalala kwake, na asiyefika anakumbukwa kwa kutofika kwake. Nilijua hivyo tangu utotoni. Lakini nilipoitunga fomu nilikuwa Himbi, na mambo ya nyumbani hayakunijia akilini.

Ndipo akanieleza habari ya Nyiramahirwe, jirani yake wa pili kutoka kituoni. Mwaka juzi binti yake wa miaka miwili aliletwa akiwa na homa kali. Kaswera alimpa dawa ya kwanza na barua ya hospitali, mtoto akafia njiani, mgongoni mwa mama yake. Kesho yake watu walikusanyika kwenye mikeka, na Kaswera, kama alivyofundishwa, akafungua kituo saa moja na nusu.

"Nilikuwa nasikia vile Nyiramahirwe analia," alisema, "na miye niko nahesabu vidonge. Hakuna mutu alikuya. Siku ile, juma ile, miezi mbili nzima. Balisema, ule mama mutoto anakufwa mu mikono yake na hana hata machozi. Batoto babili balikufwa ndani ya nyumba, papa. Na dawa ilikuwa hapa."

"Kwa hiyo sasa unafunga."

"Ninafunga, ninaenda kukaa nabo. Siku ya ine banakuya benyewe na batoto babo."

Nikafungua daftari tena. Ni kweli: baada ya kila mstari mweusi ukurasa ulijaa hadi chini, watoto tisa, kumi, siku moja kumi na wanne. Nilikuwa nimeipitia mistari ile kwa kidole bila kutazama kilichokuwa chini yake. Niliona haya, nikajifanya natafuta miwani.

Nikatoka nje kumpigia simu Bagalwa, mkuu wangu. Si mtu mbaya, Bagalwa. Ana huruma, ila huruma yake huwa na haraka.

"Cinquante-huit?" alisema, akiirudia hamsini na nane yangu kwa Kifaransa. "Kwa alama mbili tu? Andika alikuwa mugonjwa. Malaria, siku tatu-tatu. Nani ataenda kuuliza?"

"Kwa nini tusiongeze matanga kwenye orodha?"

"Orodha imeshasainiwa huko juu. Na ni weye uliifanya, Modeste."

Niliporudi ndani nilikuwa nimefurahi, lazima niseme. Nilimweleza Kaswera kwamba kilichohitajika ni maneno matatu kando ya kila mstari, "ugonjwa wa mhudumu", na saini yake. Nikampa kalamu. Akaishika, akausogeza uso karibu na ukurasa, akasoma jina la kwanza, kisha akaiweka kalamu mezani taratibu.

"Huyu ni Bénie. Alikuwa na miezi saba. Niandike malaria yangu juu ya jina yake?"

"Ni kwa ajili ya kituo, mama. Sanduku litaondoka."

"Najua." Akaanza kufuta meza. "Mama yake anakuyaka hapa, papa. Ananiomba nimufungulie rejista aone. Mutoto hakukuwa na karatasi ya kuzaliwa. Jina yake haiko fasi ingine. Iko hapa tu."

Ningeweza kuandika mwenyewe. Kusema kweli niliandika, kwa penseli, alipotoka kwenda kuchota maji, kisha nikafuta, na sijui hadi leo kama ulikuwa uaminifu au woga. Nilimkasirikia. Mwanamke mkaidi, nilisema, alama mbili tu na kalamu mkononi! Niligombana naye kichwani njia nzima ya kurudi, na nilipofika Katindo nikagundua kwamba hoja zote nilizokuwa nazijibu zilikuwa zangu mwenyewe.

Niliambatisha kwenye fomu kurasa mbili za maelezo. Bagalwa alizisoma zote, akasema zimeandikwa vizuri, tutazijadili mwakani. Baada ya wiki tatu ikatoka barua ya kukifunga kituo, na nikaomba niipeleke mimi.

Kaswera alitia saini bila kuuliza swali. Alinisaidia kulifunga sanduku kwenye pikipiki kwa mpira, akanikumbusha kwamba chupa za dawa ya maji zisilazwe. Kwa kanuni daftari nalo lilitakiwa ofisini. Nililiacha mezani, na nilipoulizwa nikasema nimelisahau. Huo ndio ujasiri wote niliokuwa nao, na ulikuja umechelewa.

Haikupita miezi miwili akanipigia simu, saa nne asubuhi, nikiwa katika mkutano.

"Papa Modeste, tuko na matanga huku. Mutoto wa Kanyere. Nimesema tu ujue."

Niliisikiliza sauti yake nikitafuta lawama. Ningeipata ningeshukuru, maana mtu akilaumiwa huweza kujitetea. Haikuwamo. Nikamwambia Bagalwa kwamba nina msiba na sitakuwepo siku tatu. Akanipa pole, akanishika bega, wala hakuniuliza msiba huo ni wa upande gani wa familia.

Nilikuta mikeka imetandikwa kwenye uwanja mdogo wa mawe, wanawake wamekaa wakiwa wamenyoosha miguu, wanaume kwenye mabenchi kando ya ukuta. Benchi moja nililitambua, ni lile la kituoni. Nikavua viatu, nikasimama navyo mkononi, sijui niende upande gani. Mazungumzo yakapungua. Mwanamke mmoja aliyekuwa anamenya ndizi akauliza kwa sauti ya chini, "Huyu ni nani?"

Kaswera alikuwa ameketi ubavuni mwa mfiwa. Aliniangalia. Nilijua anachoweza kusema, na chochote ambacho angesema kingekuwa kweli, na kila aliyekuwa pale alikuwa na haki ya kukisikia.

"Ni mutu wa poste," alisema. "Amekuya kukaa na siye."

Wakasogea kunipa nafasi. Nikakaa mkekani, mbele ya Kanyere. Alikuwa msichana bado, hajafika miaka ishirini, kitambaa kimemteleza kichwani. Aliposikia neno poste aliinua uso, akajiweka sawa, akakivuta kitambaa, kama wanavyofanya akina mama kituoni zamu yao ifikapo. Kisha akaanza kunieleza, kwa utulivu, kwa mpangilio, bila kuacha kitu.

"Homa ilianza siku ya Mungu, papa, nyuma ya misa. Alikuwa ananyonya bado. Kesho yake asubui akakatala ziwa. Nilimufunga mu mugongo, nikaenda na miguu kule ku hospitali, masaa mbili nzima, kulikuwa mvua. Mbele ya kutoka ku nyumba nilihesabu namna anapumua, vile mama Kaswera alitufundisha. Nilihesabu muzuri, na saa ya simu. Soixante-deux, sitini na mbili, mu dakika moja."

Akanitazama usoni.

"Ni mingi, papa, si ndiyo?"

"Ndiyo, mama," nikamjibu. "Ni mingi."