Chupa ya Mstari wa Mtoni

Mwaka wa 1957, katika maabara ya shamba moja la chai upande wa Mogogosiek, kazi ya Wamuyu ilikuwa kuosha chupa. Majani mabichi yaliletwa asubuhi, yakapondwa juu ya barafu, yakachujwa kwa kitambaa, na maji yake yakatiwa gliserini na kugawanywa katika chupa ndogo ndogo. Ndani ya maji hayo mlikuwa na kimeng'enya, ile nguvu inayolifanya jani la chai ligeuke jekundu likishasagwa. Nguvu hiyo haipendi joto. Ikiachwa mezani hufa upesi. Kwenye friji ya mafuta ya taa huishi siku kadhaa, mradi chupa isifunguliwe ovyo.

Chupa moja ilikataa kufa. Ilikuwa ya majani ya mstari ulio karibu na mto. Kiplangat, msaidizi wa maabara, aliikuta ina joto, na barafu iliyoizunguka imeyeyuka. Chupa za jirani zilikuwa zimeharibika. Hii, tone moja tu lilitosha kuyageuza maji ya majaribio kuwa mekundu.

"Mama Nyathira," alimwambia Wamuyu bila kumtazama, "nani anafungua friji?"

"Si mimi."

"Nyinyi Wakikuyu mnasemanga hivyo."

"Na nyinyi mnaulizanga hivyo," Wamuyu alijibu, akaendelea kusugua.

Siku hizo kila mtu alimchunguza mwenzake. Tangu hali ya hatari itangazwe, Wamuyu alitembea na kipande chake, ile karatasi ya kitambulisho, kifuani. Mumewe, Thuo, aliyekuwa akipogoa michai, alichukuliwa na askari wa shamba kiangazi kimoja, miaka minne nyuma. Nyapara Zacheus alimwambia amerudishwa kwao. Kwao hawakumwona. Wamuyu hakutaka makubwa. Alitaka kuonyeshwa mahali alipo, basi.

Kiplangat aliitia friji kufuli, ufunguo akauvaa shingoni. Asubuhi chupa ilikuwa na joto vilevile. Akatia kipimajoto ndani yake, akasoma. Akakipangusa, akakibana kwapani mwake, akasoma tena.

"Ni sawasawa," akasema.

"Sawasawa na nini?"

"Na mimi."

Wamuyu alikausha mikono, akaishika chupa. Lilikuwa joto la kiganja cha mtu aliyetoka tu kuweka chini kisu cha kupogolea. Alilijua.

"Huo mstari wa mtoni ulipandwa lini?"

Kiplangat alikoroga kitu kisichohitaji kukorogwa. "Januari. Ule mwaka wa mumeo."

"Nani hupanda chai Januari, na jua lile?"

"Hakuna."

"Na huu ulipandwaje?"

"Nyapara alituma sisi tuchote maji, tumwagilie. Udongo tulikuta umeshachimbwa. Mama, mimi sijui zaidi ya hapo."

Alisema hivyo akitazama mlango, kwa maana Zacheus alikuwa akiingia na kikapu cha majani. Nyapara aliitazama chupa mkononi mwa Wamuyu, akafuta viganja vyake kwenye suruali.

"Hiyo bado inasumbua?"

"Bwana nyapara," Wamuyu alisema, "kwa nini ulipanda chai kiangazi?"

"Ilishika ama haikushika?"

"Ilishika."

"Basi."

Wamuyu alikwenda kwa bwana mkubwa wa maabara, akaomba mstari ule uchimbwe. Bwana alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akamweleza kwa upole kwamba michai inayochumwa haing'olewi, hasa hiyo. Akaamuru chupa iwekwe rafuni isije ikaharibu zingine, na majani zaidi yaletwe kutoka mtoni. Zacheus alipewa koti jipya la mvua kwa kuchagua udongo mzuri. Kiplangat akaurudisha ufunguo, na tangu hapo humsalimu Wamuyu kwanza.

Mwezi wa Julai, baridi inapouma vidole, Wamuyu huianza kazi kwa kuishika ile chupa hadi mikono ipate joto. Kibandiko chake bado kinasema iwekwe mahali pa baridi. Nje ya dirisha, wachumaji huteremka na vikapu kuelekea mtoni, na Zacheus nyuma yao, ndani ya koti lake.

"Habari ya asubuhi, Mama Nyathira?" Kiplangat humsalimu.

"Nzuri," hujibu, bila kuiachia chupa.