Upana wa Mto

Tulikuwa tumeshaiacha Kibakwe nyuma, ng'ombe mbele, vumbi juu yetu, na Yoramu bado anabishana na simu.

"Baba mdogo, nimesema ni makadirio!" Debora alikuwa akipaza sauti kutoka Dodoma, anakosomea mambo ya maji. "Setilaiti haioni maji yakitembea. Inaona upana wa mto tu. Mimi naulinganisha na vipimo vya zamani, nakadiria yanayopita."

"Mpana au si mpana?"

"Mpana sana."

"Basi. Mtoto wa kaka yangu hawezi kuniulia ng'ombe."

Mimi Yoramu alinichukua kwa kibarua cha kuswaga ng'ombe. Nimezunguka sana nchi hii, na mfugaji aliyeishiwa maji habishiwi. Visima vya kwao vilikauka. Asiponywesha siku ile, kundi zima lingefia njiani. Debora akasema anakuja na pikipiki, tukutane mtoni, apime mwenyewe.

Tulikuta mchanga. Mto mzima mchanga mtupu, ng'ombe wanaulamba. Wengine walianguka pale pale, tukawaacha. Tukapanda na mto mpaka tukaona tuta la viroba vya mchanga limeukata kutoka ukingo hadi ukingo. Nyuma yake maji yametanda, pampu inayavuta kwenda kwenye shamba la vitunguu. Debora alikuwa ndani ya maji mpaka magotini, ameshika fimbo ya chuma yenye pangaboi dogo mwishoni, la kuzungushwa na mkondo. Halikuzunguka.

"Yamesimama," alisema, uso umemshuka. "Upana niliouona ndio huu. Baba mdogo, nimekukosea."

Ludovick, mwenye vitunguu, akatujia na vijana wake, majembe mabegani.

"We Mgogo, umeleta ng'ombe au mifupa? Rudisha! Wakilikanyaga tuta, shamba langu limekwisha."

"Mtu wa vitunguu, kanukie mbali. Wanakunywa hawa."

"Thubutu uone."

Yoramu akachomoa sime, akapasua kiroba cha kwanza. Jembe likamshukia usoni. Nilisikia mfupa ukivunjika. Akaendelea kupasua, damu ikimwingia mdomoni, anaitema na matusi. Kijana mmoja nilimvunja goti kwa rungu. Mwingine akanipasua kichwa kwa mpini, nikaanguka kwenye tope. Ng'ombe walishanusa maji, hakuna wa kuwazuia. Walimkanyaga mtu aliyekuwa akiendesha pampu, huku analia mama, mama.

Ludovick akainua jembe tena, safari hii analenga shingo ya Yoramu. Debora akamchoma na ile fimbo ya chuma chini ya kwapa. Ikazama. Akaichomoa, akampiga nayo kichwani, akampiga tena, mpaka nikajikokota nikamshika mikono. Tuta likaachia, maji yakashuka mekundu.

Ludovick alikufa kabla gari la hospitali halijafika. Mtu wa pampu alipona, ila hatembei. Yule wa goti anachechemea. Picha iliyofuata ya setilaiti ilionyesha mto umekuwa mwembamba pale palipokuwa na tuta, na wenzake Debora chuoni wakaandika kwamba maji yamepungua. Debora anatumikia kifungo cha kuua bila kukusudia. Yoramu ana jicho moja. Ng'ombe waliobaki walikunywa, wakapona, akawauza alipie wakili. Mimi nilishonwa kichwa, nikatoa ushahidi mahakamani, sasa napakia mahindi Kibaigwa.