Sheria ya Kwanza ya Rais Opendi

Sajini Opendi alirudi kutoka vita vya Somalia na mguu mmoja mbovu, na sifa ya kuwabeba wenzake wawili mgongoni chini ya risasi. Kwa sifa hiyo tukamchagua Rais wa chama chetu cha madereva hapa Busia.

Chama kilikuwa kimepasuka. Wasichana wadogo walikuwa wakivushwa mpaka kwa magari yetu kwenda kutumikishwa majumbani bila mshahara. Sisi wengine tuliuita utumwa, wengine wakasema nauli ni nauli. Opendi hakuwahi kusema yuko upande gani, na kila upande ukaapa kwamba ni wake. Mimi, Jamirah, nilimpigia kampeni hadi sauti ikakauka.

Alitangaza sheria yake ya kwanza nyumbani kwake. "Mtoto akija peke yake, uliza: nani anakungoja huko? Kama hana jibu, usimbebe."

Nilipiga makofi kuliko wote. Aboth, msichana wake wa kazi, alikuwa akitumiminia chai, akasimama na birika mkononi, anasikiliza.

Asubuhi iliyofuata alinijia steji na mfuko wa plastiki. "Mama, nipeleke kwetu Mwello."

Sheria ni sheria. "Nani anakungoja huko?"

"Mama yangu. Nililetwa hapa nikiwa na miaka tisa. Waliniambia nitasoma." Sasa alikuwa na kumi na mitano.

Niliona aibu. Chai ya mtoto huyu nimekunywa mara ngapi? Nyani haoni kundule, na katika ua ule wa Opendi tulikuwa nyani wengi.

Aboth alikuwa ameshaketi garini Opendi alipofika akichechemea, akashika mlango. "Huyu ni mtoto wa nyumbani. Teremka, Aboth."

Madereva wa pande zote mbili walikuwa wanatazama.

"Afande," nikasema, "nimemuuliza swali lako. Amejibu."

Aliwageukia madereva. "Sasa mimi nani atanipikia?" akauliza, wala si kwa sauti ya sajini. Akauachia mlango.

Mwello tulimkuta mama yake Aboth uani, anapura wimbi. Aliacha kazi, akafuta mikono kwenye kanga, akatusalimu kwa heshima na kutuletea viti viwili. Kisha akanigeukia mimi, akaniuliza, "Huyu binti yako anaitwa nani?"