Kikombe Kilichowekwa Chini

Afra binti Hamdan alipanda mnara mrefu kuliko yote duniani akiwa na neno moja kinywani, akashuka nalo vilevile. Huko juu, ghorofa ya mia na kitu, mdogo wake Obaid alimshika bega akamwonyesha Dubai yote: barabara, majengo, na kile kisiwa cha mchanga wa kumwaga kilichochorwa baharini umbo la mtende.

"Unaona, dada? Mtende mzima ndani ya maji."

"Unazaa?"

Obaid akacheka kile kicheko chake cha ofisini. "Ule si wa kuzaa."

"Basi kwangu ungeshakatwa zamani. Obaid, nisikilize. Nimekuja kwa ajili ya nyumba..."

"Ngoja, ngoja. Simama hapo kwenye kioo nikupige picha kabla watu hawajajaa."

Neno lenyewe lilikuwa fupi. Obaid alikuwa anauza nyumba ya mawe ya baba yao, kule bondeni katika milima ya Fujaira, pamoja na mitende arobaini na zamu ya maji ya mfereji. Afra alizaliwa katika nyumba hiyo, akarudi humo alipofiwa na mume, na hakuwa na nyingine. Hati ilikuwa na jina la Obaid, kwa sababu siku ya kuandikisha yeye peke yake ndiye aliyejua kusoma. Mnunuzi alishapatikana na sahihi zingetiwa Jumatatu. Habari hizo Afra hakuzipata kwa ndugu yake. Alizipata kwa mpima ardhi aliyekuja kupigilia kigingi katikati ya vitunguu vyake, akaomba na maji ya kunywa.

Kwa hiyo alishuka mjini kuomba, yeye ambaye hakuzoea kuomba. Obaid naye hakuwa mjinga. Alijua vizuri dada yake anataka nini, ndiyo maana akamwandalia matembezi ya kutwa nzima. Mtu anayetembezwa huku na huku atapata saa ngapi nafasi ya kusema?

Kutoka mnarani wakaingia duka kubwa, ambalo kwa kweli ni mji uliotiwa paa, watu wanauzunguka tangu asubuhi hadi usiku na kutoka na kichupa kimoja cha manukato. Ndani yake wameweka bahari nyuma ya kioo, kana kwamba bahari yenyewe imehama. Papa alipita juu ya vichwa vya watu, amechoka, hana pa kwenda.

"Yule ana mpishi wake, dada. Nakuapia. Kuna mtu kazi yake ni kumlisha yule."

"Amekushinda," akasema Afra. "Kwako chakula huletwa na pikipiki."

Kisha theluji. Nje jua lilikuwa la kuchoma nyayo, na humu ndani watu wazima walikuwa wamepanga foleni, wamelipa, wameazimwa makoti yaliyovaliwa na wengine, ili wakatetemeke nusu saa na kutoka wakijisifu. Afra alikataa koti, akabaki mlangoni. Aliwahi kukesha na baridi ya mlimani, huyu Obaid akiwa mtoto wa miaka miwili ana homa, kambana kifuani chini ya blanketi moja hadi alfajiri. Hakuna aliyemkatia tiketi. Aliwatazama wale watu wakitelezeshwa chini kama magunia na kupiga vigelegele, akawaonea kinyaa hasa.

Wakaenda na kwenye fremu, maana wamejenga na fremu ya picha ndefu kupita minara ya misikiti, ya rangi ya dhahabu.

"Picha yenyewe iko wapi?" akauliza.

"Hakuna picha, dada. Ni fremu."

Garini Afra alijaribu mara mbili kulianza lile neno lake. Mara ya kwanza Obaid akapokea simu; mara ya pili simu haikulia, naye akaipokea vilevile.

Saa kumi alasiri Obaid akasema, kwa sauti ya mtu anayetoa zawadi, "Sasa nakupeleka mahali utakapopapenda. Mambo ya kwetu, ya zamani."

Hayo mambo ya zamani yalikuwa na umri wa miaka miwili. Ilikuwa nyumba ya mawe iliyojengwa upya ionekane kuukuu, nyufa zake zimechorwa kwa brashi, na ndani wamepiga hema chini ya mashine ya baridi. Afra alivaa barakoa ya wanawake wa kwao usoni, kama alivyovaa tangu aolewe. Mtalii mmoja mwanamke, ngozi imeiva kwa jua, akamwuliza mpokezi kama yule bibi naye yumo ndani ya tiketi, ili apige naye picha.

Obaid aliposikia hivyo akacheka. "Mruhusu tu, dada. Wanapenda sana mambo haya."

Afra alimtazama ndugu yake mpaka kicheko kikaisha chenyewe. Yule mtalii akaondoka taratibu.

Hemani alikuwepo mtu anawangoja, mnene, mpole, ndevu zimepakwa hina: Hareb bin Suwaidan wa mji wa Al Ain, na yeye ndiye mnunuzi. Hapo Afra akauelewa mpango mzima. Atembezwe mpaka achoke, kisha akalishwe mbele ya mgeni, mahali ambapo mwanamke mwenye heshima zake hawezi kupandisha sauti.

"Karibu, mama," akasema Hareb. "Obaid ameniambia umeridhia. Nyumba yenu tutaitengeneza kama hii. Wageni watalala humo, na tutaitunza."

"Kama hii?" akasema Afra.

"Kama hii kabisa."

Walikaa zuliani. Hata wa kumimina kahawa walikuwa wamemkodi: Bashir, Mhindi wa Kerala, amevalishwa kanzu na jambia la bandia kiunoni. Afra alimdharau kabla hajafungua mdomo. Bashir alishika dele la kahawa kwa mkono wa kushoto na vikombe kwa wa kulia, akamimina kidogo tu chini ya kikombe, kama inavyotakiwa. Kasuku aliyefundishwa vizuri, Afra akawaza. Akapokea chake, hakukipeleka mdomoni. Akakiweka chini, juu ya zulia mbele yake, akautoa mkono.

Kwao hilo halihitaji maelezo. Kikombe kikiwekwa chini bila kunywewa, mgeni ana haja, na aliyemwalika hana ruhusa ya kuuliza ni haja gani. Husema, "Kunywa, umepewa," ndipo mgeni anywe na kuitaja. Kuna watu wamesamehewa damu ya ndugu kwa kikombe kama hicho, na wapo waliokiacha kipoe, wanasimuliwa mpaka leo, na wajukuu wao wanaona haya. Asubuhi nyumbani kwa Obaid, Afra alikosa namna. Kahawa ilitoka kwenye mashine ndani ya vikombe virefu vyenye mikono, na kila mtu aliweka chake juu ya meza ya kioo. Pale hata ungeweka chini kumi, nani angejua?

Obaid alikiona kikombe. Akakitazama, kisha akaitazama simu yake.

"Kahawa ya dada imepoa," akasema. "We, hebu mbadilishie."

Bashir alitazama kikombe, akamtazama Afra, akalisimamisha dele kifuani. "Haijapoa, bwana. Mama ana haja."

"Sikukuuliza. Mmiminie mgeni wangu."

"Nitammiminia, bwana, mama akishajibiwa."

"Unalipwa kumimina, hulipwi kunifundisha mila zangu!"

Hareb alifunika kikombe chake kitupu kwa kiganja. "Mwache, Obaid. Hata akimimina sinywi. Uliniambia dada yako ameridhia."

Mlangoni watalii walianza kukusanyika, simu juu, wakidhani maonyesho yameanza. Obaid alifuta jasho chini ya mashine ya baridi.

"Dada, haya yalikuwa mambo ya wazee."

"Mmeyakatia tiketi," akasema Afra. "Nimekaa ndani ya maonyesho yenu. Jibu."

"Basi sema unataka nini."

"Haianzi hivyo, na unajua."

Obaid akamgeukia Hareb, akisaka msaada. Hareb hakumpa. "Ukimwachia dada yako kikombe kipoe mbele yangu," akasema taratibu, "Jumatatu nitakubali vipi neno lako?"

Obaid akapiga hesabu. Afra aliiona usoni pake, maana uso ule aliuosha yeye tangu ukiwa na makamasi: akikubali biashara imepotea, akikataa imepotea vilevile, na kilichobaki ni sifa. Hapo tu ndipo Obaid akafumbua mdomo.

"Kunywa, Afra. Umepewa."

"Nyumba haiuzwi. Wala mitende, wala maji. Na hati unaihamishia kwangu."

"Haiuzwi," Obaid akaiambia simu yake. "Na hati nitahamisha."

Kutwa nzima, mnarani, kwa papa, kwenye theluji, Afra alikuwa anatumaini kwamba atasema hivyo kwa ajili yake. Alilijua hilo sasa, lilipokwisha kusemwa kwa ajili ya mtu mwingine, na lilimuuma kuliko kile kigingi. Akakinyanyua kikombe. Kahawa ilikuwa baridi, iliki yake ya kopo. Akainywa yote, akamrudishia Bashir.

"Haya umeyasoma wapi?"

"Sikuyasoma, mama. Miaka kumi na tisa nawamiminia watu wenu."

Obaid alikuwa ameshasimama, funguo za gari mkononi, na kile kicheko cha ofisini kimeanza kurudi. "Twende basi, dada. Nitakupeleka mpaka mlangoni kwako, tutaongea njiani."

Afra alikuwa anavaa viatu. Hakuinua kichwa.

"Bashir, mwanangu," akasema, "basi la Fujaira linapandiwa wapi?"