Hafukuzwi, Anahamishwa

Mwalimu mkuu Mikidache wa shule ya kisiwani Dzamandzar hakuwahi kumfukuza mwanafunzi, Mungu apishilie mbali! Kufukuza ni ushenzi. Yeye alihamisha. Akimchoka mtoto, humwandikia barua ya sifa kwenda shule ya mbali, na huko humpokea kwa mikono miwili, wakajuta baada ya wiki.

Mwaka 1979 zamu ikamwangukia Zaharia, binti wa Hayrat muuza vitumbua. Kosa lake? Alimzaba kibao mpwa wa mwalimu mkuu, aliyemwambia Wangazija kama yeye warudi kwao. Mtihani wa mwisho ulikuwa umebakiza miezi miwili.

"Hatumfukuzi, mama," Mikidache akasema, kwa sauti ya kumtoa nyoka pangoni. "Tunampa nafasi mpya. Mahajanga."

Mahajanga! Miaka mitatu nyuma Hayrat alitoka mji huo mbio, akimkokota Zaharia, baada ya kumzika mumewe aliyeuawa kwa kuwa Mngazija tu. Huko ndiko kwenye nafasi mpya? Alitaka kulia, akajikaza. Akapokea barua, akashukuru, akaondoka.

Hakwenda kutafuta boti ya Mahajanga. Alikwenda kwa Fundi Ahamada, mwalimu wa chuo cha Kurani, ambaye kila Ijumaa baada ya sala huwasomea watu barua zenye habari njema, wote wafurahi pamoja. Ijumaa hiyo, Hayrat akiwa nyuma ya pazia la wanawake, Fundi akaifungua barua ya Mikidache, akaitafsiri kutoka Kifaransa neno kwa neno.

"Mpole. Mtiifu. Hajapata kumkosea mtu. Fahari ya shule yetu."

"Mashallah!" msikiti mzima ukaitikia.

Fundi akamgeukia Mikidache, aliyekaa safu ya mbele, kama kawaida yake, ili aonekane. "Sasa Mwalimu, fahari yetu unaipeleka Mahajanga kwa nini? Au uliyoandika si kweli?"

Lo! Ujiite mwongo msikitini, na udhu haujakauka? Mikidache alikohoa, akakohoa tena.

"Karani alikosea," akasema hatimaye. "Mtoto anabaki."

Kesho yake akaja mwenyewe kwa Hayrat, kuiomba barua yake.

"Sifa za mwanangu nizirudishe?" Hayrat akageuza kitumbua kikaangoni. "Ina mhuri wako, Mwalimu. Ukimchoka tena kabla ya mtihani, nitampa Fundi aisome upya."